Mfuko wa Ndani wa Koti

Wasikilizaji wapendwa, acheni vyungu kidogo, msogelee redio. Leo tunamkumbuka Mzee Sultani wa mtaa wa Saint-Josse hapa ughaibuni, muuza mawese na ndagala, vile visamaki vya ziwani, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Ametutoka Jumanne kwa maradhi ya moyo. Wengi mlimjua kwa mizaha yake. Mimi nitawasimulia woga wake, maana ndio uliomfikisha bungeni.

Mzee Sultani aliwaogopa polisi. Narudia: aliwaogopa polisi, na hakuwa na kosa lolote. Akiona askari ng'ambo ya barabara, aliingia duka lolote lililo wazi, hata la nguo za ndani za kina mama. Zaituni, mkewe, alimcheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini alijua chanzo chake. Kule Bujumbura wakati wa vita, penye vizuizi vya barabarani, aliyechelewa kutoa kitambulisho alishushwa kwenye gari, na wengine hawakupanda tena.

Kwa hiyo kila mgeni aliyempokea stesheni ya Gare du Midi alipewa somo kabla ya chai. Kitambulisho kikae mfuko wa ndani wa koti. Ukimwona askari, kitoe upesi, usingoje kuulizwa. Hamza, mkwewe, anayetunza wazee huko mtaa wa Forest, alifundishwa hivyo hivyo.

Jumapili moja, pale sokoni Gare du Midi, polisi wawili walimwita Hamza. Hamza akafanya alivyofundishwa. Akatia mkono ndani ya koti, upesi, kabla ya kuulizwa. Wao wakaona mtu anayechomoa silaha. Wakambwaga chini, goti mgongoni, mkono ukapindwa mpaka bega likavunjika. Mkononi alikuwa na kitambulisho.

"Nilikuwa nasema ni carte, ni carte," Hamza anakumbuka. "Bon, kisha nikaomba ripoti yao. Wakanijibu hiyo ni ya ndani, hainihusu."

Sultani alikataa chakula. "Ni mimi nilimuvunja mutoto wa watu," alimwambia Zaituni.

Wakati huo bungeni kulikuwa na muswada. Ulitaka hivi: polisi akitumia nguvu, aandike ripoti ya alichofanya na sababu yake. Aliyeumizwa apewe aisome. Na raia watangaziwe visa hivyo vyote. Kamati ikaita mashahidi. Wakili wa Hamza akasema wabunge watauliza kwa nini alitia mkono kwenye koti, na mtu wa kuwaeleza vizuri ni Sultani.

Roho ikamruka mzee wa watu. Kwao, anayemtaja askari mbele ya wakubwa hufuatwa nyumbani. Akasogeza magunia ya mchele nyuma ya mlango wa duka. Akamsihi Zaituni ahamie kwa dada yake. Asubuhi ya kikao alivaa koti, akaenda.

Mbunge mmoja, mama mpole, alimwomba aonyeshe jinsi Hamza alivyotia mkono. Sultani akainua mkono. Ukafika kifuani, ukagoma. Mlangoni alisimama askari wa bunge, na masikini yule alikuwa akipiga miayo tu.

"Madame, munisamehe," Sultani akasema. "Siwezi. Yule atanipiga."

Askari akaombwa atoke, akatoka. Mkono bado ukagoma. "Ametoka, ndiyo," akasema Sultani, "lakini mimi naogopa bado." Hapo mwenyekiti akaahirisha kikao kwa muda, na mbunge yule akaenda kuketi karibu naye.

Muswada umepita kwenye kamati. Kura ya bunge zima ni wiki ijayo. Sultani hatakuwepo.

"Watu wanakuja kwenye msiba wananiambia alishinda woga," Zaituni ameniambia. "Musiseme hivyo. Hakushinda kitu. Aliogopa mpaka siku ya mwisho, na alienda."

Maman Zaituni, Hamza, na ukoo wote, poleni sana. Inauma, na tunaumia pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini jambo moja. Hamza anataka kwenda bungeni siku ya kura. Kabla ya kurekodi aliniuliza: askari wa mlangoni akimwomba kitambulisho, mkono auweke wapi? Nikamwambia nitawauliza ninyi. Ulizaneni nyumbani kwenu, na mwenye jibu atupigie kabla Hamza hajafika mlangoni pale.