Mtunza Sare wa Ukumbi wa Vita na Mkewe

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya ufundi, alikohitimu mwaka 1971. Wenzake walimwita Pasi, kwa jinsi suruali yake ilivyonyooka.

Mwaka 1973 aliajiriwa na Makumbusho ya Taifa kutunza sare za askari katika Ukumbi wa Vita. Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea. Huyo leo ni mjane wake, na ametuagiza tusipake mafuta maneno: aliyaonea wivu makumbusho hayo tangu fungate.

Alikuwa na sababu. Jumatatu makumbusho hayapokei wageni, na ndiyo siku Pasi alipovaa glavu nyeupe za pamba, akazipiga sare brashi moja moja. Wifi yake akamnong'oneza kwamba siku hizo mumewe humvisha nguo mmoja anayeitwa Bibi Kanali. Likizo ya shule ilipofika, mwalimu alijifunga kibwebwe akaenda. Akamkuta mumewe amepiga magoti mbele ya Bibi Kanali mwenyewe: sanamu iliyovaa sare ya muuguzi wa vitani, anaifunga kifungo cha chini, amebana pumzi.

"Afadhali angekuwa mtu," alisema mkewe. "Ningejua pa kumshika."

Jioni ile Pasi alijipikia chai mwenyewe.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Alipolazwa, swali lake la kwanza lilikuwa la kazini, ingawa alishastaafu.

"Mapazia ya ukumbini wameyafunga? Sare zitachujuka kwa jua."

Roho ilimuuma mkewe. "Na mimi niliyechujuka nyumbani kwako, Baba Watoto, pazia langu alilifunga nani?"

Pasi aliutafuta mkono wake. "Zile nilizigusa kwa glavu, Mama Watoto. Wewe nilikugusa kwa mikono."

Mkewe alilia, ingawa anasema hakusamehe yote. Marehemu alifariki tarehe 3 Februari 2022, asubuhi, mkewe akiwa kando ya kitanda chake.

Mkurugenzi aliomba mwili ulazwe kwanza Ukumbi wa Vita, wafanyakazi watoe heshima. Mjane alimjibu mlangoni: "Anayetaka kumwona aje kwangu. Zamu yenu imeisha."

Ndiyo maana tumekusanyika uani hapa, mkurugenzi akiwa kwenye kiti cha plastiki kama sisi sote.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu watano na mjane mmoja, wa pekee. Apumzike kwa amani hapa hapa kwake, alikosubiriwa muda mrefu.