Kicheko Kilichokatwa Msibani

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, marahaba kwa wale mlionisalimia pale mlangoni. Wale mliopita mmeinamia simu nawasamehe, mtanisalimia tukitoka. Katekista ameniomba niseme nanyi kwa sababu kampeni zinakaribia, na wengi wenu mtapiga kura kwa mara ya kwanza. Aliniambia, "Mama, waeleze yaliyokupata." Nimemkatalia mara nyingi. Leo nimekubali, ila sitataja jina la mtu, wala chama, wala rangi ya chama. Mkianza kukisia huko nyuma, nakaa chini.

Najua mnaniitaje. Mnaniita Mama Hukohuko. Wengine mlikuwa bado mnasoma msingi jina hilo lilipoanza, mkalikuta limeshazoeleka, mkadhani ni utani wa kawaida. Si jina nililopewa na wazazi wangu, na leo nitawaambia lilitoka wapi.

Kwa ajili ya Masista waliotoka mbali, nieleze kidogo. Huku kwetu milimani ukoo tunaurithi kwa mama, na kila ukoo una watani wake. Mkifiwa, wafiwa hawana kazi ya kujichekesha, hiyo ni kazi ya watani. Mtani anakuja anavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anawatukana hata wafiwa, na hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Msiba usio na mtani ni msiba mzito, watu wanatoka pale wamebeba kitu kifuani. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kazi hiyo, na sijisifu, nilikuwa naijua.

Sasa alifariki mzee mmoja wa kijiji hiki. Alikuwa mtu wa chama tangu ujana wake, na alipenda hotuba kuliko chakula. Mkimwita kwenye ubatizo anatoa hotuba. Mkimwita kutoa ng'ombe shimoni anatoa hotuba kwanza, ng'ombe anasubiri. Nilimpenda sana mzee yule. Ukoo wake na wetu ni watani, basi siku ya mazishi nikachukua kofia yake ya chama, nikaivaa, nikashika fimbo yake, nikasimama karibu na jeneza. Nikasema, "Afadhali amekwenda huyu mzee, tumepumzika. Na chama chake kimfuate hukohuko, kikamfungie turubai na vipaza sauti, maana hawezi kulala bila mkutano."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Dada yake marehemu, bibi mmoja ambaye wote mnamjua, alikuwa amekaa mkekani analia tangu asubuhi. Akainua kichwa akanijibu, "Na wewe ingia humo ndani ukamshikie kipaza sauti." Kicheko kikaanza upya. Tukamzika mzee wetu, tukala, tukatawanyika. Nilirudi nyumbani nimechoka ule uchovu mzuri wa mtu aliyefanya kazi yake.

Kumbe kijana mmoja wa hapahapa alikuwa amerekodi. Simlaumu, na yeye mwenyewe anajua simlaumu. Alichekeshwa, akawatumia wenzake walioko mjini ili nao wacheke. Kwa mtu wa huku, ukiona mtani kavaa kofia ya marehemu huulizi swali. Hakufikiri kwamba video ikishuka mlima itakutana na watu wasiojua mtani ni nani.

Mjini ilikuta vijana wa chama cha marehemu. Walikuwa wamepewa kazi na mabando, watafute vitu vya kuwagusa vijana wenzao mtandaoni. Wakaikata. Wakabakiza mahali ninaposema, "Afadhali amekwenda huyu mzee, tumepumzika. Na chama chake kimfuate hukohuko." Turubai hakuna, vipaza sauti hakuna, kicheko hakuna. Wakaweka muziki wa huzuni, wakaandika juu yake: Hivi ndivyo wapinzani wetu wanavyowafanyia wazee wetu waliokufa. Kijana, utawapa kura yako?

Ndugu zangu, nawaambia, mimi sikuwa na chama. Nilikuwa na karoti na kabichi.

Halafu wa chama cha pili nao wakaiona. Mnadhani walisema, jamani, huyu mama mnamwonea? Waliichukua klipu ileile, wakatoa muziki wa huzuni wakaweka wa kuchezea, wakaandika: Mama wa Uluguru amesema ukweli, kimfuate hukohuko. Vijana wakaimba. Wakaifanya mlio wa simu. Nikawa natukanwa na upande mmoja na kushangiliwa na upande mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amenisalimia.

Mimi simu yangu ilikuwa ya tochi. Nilijua habari siku niliyoshusha mzigo sokoni mjini. Nikaona wateja wananitazama halafu wanatazama simu zao. Mteja wangu wa siku zote, mama wa mgahawa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, leo sinunui kwako, watu wananiangalia." Vijana wawili wakasimama mbele ya karoti zangu wakinirekodi, mmoja ananiambia, "Mama, sema tena hukohuko." Nikainama nikajifanya napanga mzigo. Nilipanda gari stendi ya Msamvu kurudi na mzigo wangu karibu wote, na kondakta naye akaniita kwa lile jina. Hapo nikaelewa kwamba limefika kila mahali.

Mtu akatoa namba yangu. Matusi yalikuja, nikayazoea kama mtu anavyozoea mvua. Kilichonivunja ni simu ya binti mmoja kutoka huko Gairo. Hakutukana. Alisema, "Mama, mimi babu yangu amekufa juzi. Wewe una roho gani?" Akaanza kulia, na mimi nikalia. Nilitaka kumweleza habari za utani, akakata. Yule binti hakuwa mbaya. Waliomtumia ile klipu walijua kabisa mahali pa kumgusa, na yeye aliguswa kweli. Mpaka leo namkumbuka. Ningempata ningempa pole ya babu yake.

Baadaye gari lilipanda hapa na kijana mmoja amevaa vizuri. Alitoka kwa wale wanaonishangilia. Akaniambia, "Mama, tunataka upande jukwaani useme yale maneno. Vijana wanakukubali sana." Nikamwambia, "Baba, yale hayakuwa ya siasa, yule mzee ni mtani wangu na nilimpenda." Akatabasamu. Akasema, "Haina shida, mama. Wewe sema tu." Nikamwambia nina ndizi jikoni zinaungua, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Hakukuwa na ndizi.

Tangu hapo nikajifungia. Mboga nikawa nauzia njiani kwa bei yoyote, mradi nisishuke mjini. Misiba ikitokea siendi, na mtani asipokwenda msibani ni aibu kubwa, mnajua wenyewe. Mama yangu alikuwa mzee tayari, macho yamefifia. Akisikia kengele ya kanisa ikilia ya msiba ananiuliza, "Umeshajiandaa? Utavaa nini?" Namwambia naumwa mgongo. Alijua mgongo wangu ni mzima.

Na si mimi peke yangu. Watani wote wa kijiji hiki waliogopa. Kila mtu akawa anaogopa kuwa Mama Hukohuko wa pili. Tukaanza kuzikana kimya. Mtu anakaa mkekani, anatoa pole, anakula, anaondoka. Wazee waliona, wakasikitika, lakini nani angesimama mbele ya simu zile zote?

Basi mama akafariki. Alifariki vizuri, nimemshika mkono, na nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini siku ya mazishi nilimwonea huruma kuliko siku zote za ugonjwa wake. Mwanamke aliyechekesha misiba ya milima hii yote amelala pale, na watani wake wamekaa mstari mzima, mikono mapajani, midomo imefungwa. Vijana walikuwa wamesimama pembeni na simu tayari. Walikuwa wanasubiri kuona Mama Hukohuko naye atafanywa nini. Mimi nilishindwa hata kulia.

Akaingia yule bibi, dada wa yule mzee wa hotuba. Sikuwa nimeongea naye tangu klipu ile. Nilimkwepa, njia yake ya kisimani nikaihama, kwa sababu nilijua nyumbani kwake walifika watu wa chama cha kaka yake, na niliamini amenichukia. Hakunitazama. Alipita moja kwa moja jikoni, akatoka na ungo, akaanza kupita kwa watu.

"Simu humu," akasema.

Watu wakatazamana. Wazee wakaanza kuweka. Kina mama wakaweka. Akafika kwa kijana mmoja anayeongoza vijana wa chama hapa katani, mtu na mkoba wake. Kijana akasema, "Bibi, hii simu yangu ni ya kazi."

"Na mimi hapa nimekuja kazini," bibi akamjibu. "Weka, mjukuu wangu. Marehemu hapigi kura."

Akaweka. Bibi akafunika ungo kwa kanga, akaupeleka ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kitenge cha mama yangu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko, anatembea vilevile kama mama alivyotembea, anapita kwenye masufuria ya wapishi anaonja na kukunja uso. "Nani kapika maharage haya? Mnataka nifufuke?" Halafu akanijia mimi. "Na huyu binti yangu msimwamini. Analia kwa nje tu. Mgongo unamuuma kila mtu akifa, leo nimekufa mimi umepona?"

Kumbe mama alimwambia. Kumbe walikuwa wakizungumza habari zangu.

Nikacheka, ndugu zangu. Nilicheka mpaka nikaanguka mkekani, na katikati ya kicheko kile kilio kikatoka. Nililia kwa sauti kama mtoto. Nilimlilia mama, nikajililia na mimi. Na watu wote wakacheka na kulia pamoja nami, watani wakaamka mmoja mmoja, na mama yangu akazikwa kama mtu wa milima hii.

Baadaye bibi alinieleza. Wale watu walifika kwake na kamera. Aliwaambia, "Huyu mama ni mtani wetu, alikuwa anatuzikia ndugu yetu." Wakamwambia, "Bibi, wewe sema tu umeumia." Akawaambia ameumia jino, kama wana dawa walete, kama hawana waende. Akasema alisubiri mimi nimwendee, na mimi nilisubiri yeye anijie, na tukapoteza muda wote ule kwa ajili ya watu ambao walishatusahau.

Nimerudi sokoni. Wapo wanaoniita lile jina, naitika, nawapimia karoti. Nimerudi misibani, na sasa ungo unapita kwanza kabla ya mtani kusimama. Mmeuona wenyewe.

Namshukuru bibi yule, yupo pale dirishani anajifanya amelala. Namshukuru mama wa mgahawa, alikuja kuniomba radhi na ananunua kwangu mpaka leo. Nawashukuru majirani zetu Waislamu wa kule bondeni, waliokuja kukaa nasi siku zote za matanga na kuweka simu zao bila kuambiwa. Na yule kijana aliyerekodi namshukuru pia. Alikuja nyumbani akapiga magoti, na sasa ananibebea mizigo mpaka barabarani.

Vijana, sitawaambia msiingie kwenye vyama. Ingieni. Pigeni kura, nchi ni yenu. Sitawaambia mtupe simu, hamtanisikia. Ninachowaomba ni hiki: mkitumiwa mtu wa kumchukia, mwulizeni aliyewatumia kama amewahi kufika kwa mtu huyo. Kama hajafika, fikeni ninyi, au mwacheni.

Na nina jambo moja la mwisho, ndilo lililonifanya nikubali kusimama leo. Siku ile ya mzee wa hotuba mama yangu alikuwepo, alikaa nyuma yangu. Katika video ile ndefu, kabla haijakatwa, anasikika akicheka, halafu ananiambia, "Ongeza, mwanangu." Sikuwahi kuwa na sauti ya mama mahali pengine popote. Aliyerekodi aliifuta kwa woga. Waliokata walimkata na mama. Nimetafuta kwa kila mtu, kila mtu anayo ile fupi.

Kama yupo hapa, au mnamjua mtu huko mjini, Dakawa, popote, wa chama chochote, ambaye bado anayo ile nzima, naombeni. Sitamuuliza kwa nini aliitunza wala aliifanyia nini. Nataka tu kumsikia mama.