Mbabula Niliyoichukua

Ndugu zangu, yule mama aliyetusomea Neno asubuhi hii, mwenye sauti inayojaza kanisa bila mikrofoni, ni binti yangu. Mnacheka? Chekeni, mimi najivuna. Alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, na kilio chake cha kwanza kilikuwa chembamba kuliko cha kifaranga.

Wakati ule Katanga ilikuwa imejitenga na nchi, na mji huu ulikuwa bado ukiitwa Élisabethville. Mimi nilikuwa karani kijana, nimemaliza sekondari, najiona najua yote. Majirani wetu wa Kasai walikuwa wakikimbia, maana walikuwa wakifukuzwa kwa nguvu. Nawaambia kwa aibu: nyumba yao moja ilipobaki wazi, niliingia pamoja na wengine. Nilitoka na mbabula, jiko la makaa. Nilijiambia, wenyewe hawarudi.

Wiki ileile mke wangu akajifungua kabla ya wakati. Askari walikuwa wamefunga barabara ya hospitali. Aliyemzalisha ni mkunga mmoja, mama wa Kasai, ambaye alikuwa bado hajaondoka mtaani. Aliniambia, "Baba, baridi ndiyo itamuua uyu mutoto. Asikose joto."

Kesho yake asubuhi mke wangu aliamka na homa. Nikaona dawa ninayo. Niliwasha mbabula, nikaiingiza chumbani, nikafunga mlango na dirisha, hata nyufa nikaziba kwa magazeti. Kisha nikaketi nje, nimeridhika na akili yangu.

Nilipoingia tena, mke wangu alikuwa akilalamika kichwa kinampasuka. Mtoto alikuwa amelegea, midomo ya kijivu, pumzi inakuja na kukatika. Nikakimbia kwa mkunga. Nilimkuta anafunga mizigo.

Alikuja mbio. Alimtoa mtoto nje kwenye hewa, akamsugua mgongo mpaka akalia. Mke wangu naye tukamtoa. Kisha akaiburuta mbabula uani, akasimama akiitazama. Mshikio wa mbabula ile ulikuwa umefungwa kwa waya; aliutambua.

"Iyi mbabula iko ya yaya yangu," alisema.

Dada yake! Ndugu zangu, nilikosa pa kuficha uso. Angeondoka, nani angemlaumu? Badala yake alinigeukia na mtoto mikononi.

"Vula shati."

"Mama?"

"Vula shati, baba! Kifua yako haina moshi."

Alimlaza mtoto kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akamfunika kichwa, akatufunga kwa kitenge, pua ikiwa wazi. Alituonyesha jinsi ya kumpa maziwa ya mama yake tone kwa tone kwa kijiko. Nilipotaka kumrudishia mbabula, alisema, "Beba mutoto kwanza." Mchana akaondoka na mizigo yake. Sikumwona tena.

Nilimbeba wiki saba, tukipokezana na mama yake. Mtaani walipiga kelele, "Muone baba-mama! Utamunyonyesha saa ngapi?" Nami nikawajibu, "Nyamazeni, mutoto iko nalala!"

Namshukuru mke wangu, aliyekamua maziwa huku akitetemeka kwa homa. Na mkunga yule, ambaye niliiba kwa ndugu yake naye akaniachia mtoto hai: msamaha niliochelewa kumwomba, nauomba leo mbele yenu.

Akina baba wapya, makaa yasiingie chumba kilichofungwa. Mtoto akigeuka rangi au pumzi ikimkatika, hospitali, mara moja. Na aliyezaliwa mdogo, njiani kwenda huko asipate baridi. Neno langu mnalijua: vueni shati.