Sweta Lililoota Ndevu

Benchi la nje ya kiwanda cha nguo lilikuwa limejaa kama kawaida. Mama Birika alikuwa anamimina kahawa, Wembe kinyozi hakuwa na mteja, na Komandoo, mlinzi mstaafu, alikuwa amekalia nusu nzima ya benchi peke yake. Binti wa maabara akatoka mbio, kipande cha kitambaa cha sweta la watoto wa chekechea mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupima peke yake. Akikosea, angerudishwa kufungasha maboksi.

— Shangazi, jamani, niazimeni macho. Hiki kimezungushwa kwenye sanduku letu la majaribio kwa muda wa saa nne, kinajisugua humo ndani. Sasa vimeota hivi vipele vya nyuzi. Kikiwa laini napaswa kukipa alama tano, kikichakaa moja. Mimi naona tatu, mwenzangu aliyechungulia anasema nne. Nne inapita, tatu haipiti.

— Kunywa kwanza, mwanangu, alisema Mama Birika, akampa kikombe alichojiwekea mwenyewe.

Wembe alikinyanyua kitambaa, akachuna kipele kimoja, akakiviringisha vidoleni.

— Hizi ndevu. Kitambaa kimebalehe. Unakifelisha kwa kukua? Kilete kwangu nikinyoe.

— Ndevu gani, wewe! Komandoo naye akachuna vyake viwili. Ungefungiwa wewe kwenye sanduku linalozunguka saa nne, ngozi yako ingekuwaje? Hiki kimesisimka kwa hofu. Kiacheni kipumzike, vitarudi ndani.

— Virudi ndani wapi?

— Vilikotoka!

— Mzee, na hiki ulichotia sikioni?

— Nasikiliza kama bado kinahema.

Binti alicheka mpaka kahawa ikamwagika kidogo. Mama Birika hakucheka. Alikuwa anachuna kimoja kimoja, taratibu, anavitia kwenye kitambaa alichofungia sukari.

— Nyote hamjui kitu. Hizi ni mbegu. Navipanda nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha vizuri, mwakani navuna masweta.

— Yenye mikono?

— Mikono inategemea mbolea.

Hapo ndipo mkuu wa maabara alipotokea getini, mama mrefu mwenye miwani. Akakichukua kitambaa, akakigeuza juani, akakipitisha shavuni.

— Laini kabisa. Hii ni tano, binti yangu. Hongera.

Wembe akamkonyeza binti: nyamaza. Binti akaangalia kitambaa. Kilikuwa cheupe, safi, hakina hata kipele kimoja. Akawafikiria watoto wa chekechea ambao wangelivaa sweta hilo, na wenzao wakiwacheka likiota vipele kabla muhula haujaisha.

— Siyo tano, mama. Tumevichuna.

Akapita benchini na kiganja wazi. Wembe akatoa chake, Mama Birika akafungua sukari yake kwa huzuni, Komandoo akainamisha kichwa mpaka sikio likaachia.

Mkuu wa maabara akavisogeza vile vipele kiganjani kwa kidole.

— Umefanya vizuri kusema. Utakata kipande kingine ukizungushe upya, wewe mwenyewe. Ila alama tunatoa kwa kulinganisha kitambaa na picha zetu, vipele vikiwa mahali pake. Haya, wazee wangu: kila kimoja kilikuwa wapi?

Vidole vitatu vikaelekea kwenye kitambaa, kila kimoja na mahali pake. Kisha, kimoja baada ya kingine, vikarudi mifukoni.