Pasta Hayumo kwa Programu

LYNNET: Haloo? Hii namba ya nani?

CEPHAS: Ya mwenye boda. Yangu umekataa kushika tangu asubuhi.

LYNNET: Cephas! Ndugu yangu, habari ya—

CEPHAS: Wachana na habari. Nimeonyeshwa programu hapo Rongo, sasa niko njiani nakuja. Miaka mitatu naombea siku ya zawadi shuleni kwako, leo jina langu halimo. Hata maombi hayamo! Eti "dakika moja ya kunyamaza". Kwani nani amekufa?

LYNNET: Hakuna mtu amekufa. Sikiza— [mkwaruzo] —ya serikali, Cephas. Ya kila mtu.

CEPHAS: Sikusikii!

LYNNET: Nasema shule ni ya kila mtu!

CEPHAS: Na kila mtu hapo ana kanisa lake, nyaminwa, dada yangu. Nani amelalamika?

LYNNET: Unamkumbuka msichana wa Fomu Tatu, mwaka jana? Aliyekuwa namba moja?

CEPHAS: Yule Mkuria. Nilimwombea vizuri sana.

LYNNET: Ulimshika kichwa, maikrofoni mkononi, ukamwambia Mungu amfungue kutoka kwa mizimu ya baba yake. Na baba yake ameketi hapo kwa tenti, safu ya pili.

CEPHAS: Sikujua alikuwepo.

LYNNET: Watu walipiga makofi. Hata mimi, mwalimu mkuu mzima, nilipiga. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Mizimu. Sasa ni namba moja tena, na amesema kama kuna maombi, zawadi ibaki ofisini.

CEPHAS: Kwa hivyo mtoto mmoja tu—

LYNNET: Mmoja, ndiyo.

CEPHAS: Na Mama? Amekaa mbele na kitambaa chake cha kanisa, anangoja sauti yangu. Umemwambia?

LYNNET: Bado.

CEPHAS: Sema ukweli, Lynnet. Si huyo msichana. Tangu tumzike Jeff, hufungi macho kuomba hata juu ya chakula.

LYNNET: Usimlete mume wangu hapa.

CEPHAS: Nauliza tu kama—

LYNNET: Hiyo ni yangu. Sijaiweka kwa programu. Cephas, tenti imejaa, afisa wa elimu ameangalia saa mara mbili, na mtoto hajaonekana. Uko wapi?

CEPHAS: Nimefika. [pikipiki inazimwa] Kuna mzee amesimama nje ya geti na msichana wa sare. Hawaingii.

LYNNET: Ndio hao! Mzee Gisiri na binti yake.

CEPHAS: Ameniona. Amemvuta mtoto nyuma yake.

LYNNET: Tafadhali, usi—

CEPHAS: Anaitwa nani, huyo msichana?

LYNNET: Gesare.

CEPHAS: Gesare... Nilimwombea dakika kumi na sikuuliza jina.

LYNNET: Unataka kufanya nini?

CEPHAS: Sijui. Mwenye boda anasema kredo ya simu inaisha. Usitume mtu hapa, umesikia? [mbali na simu] Mzee Gisiri, samahani. Naitwa Cephas. Mimi ndiye nilimwaibisha—

[Simu inakatika. Lynnet anapiga tena. Inaita, inaita.]

LYNNET: Haloo? Cephas?

MWENYE BODA: Ni mimi mwenye simu, madam. Wameingia.

LYNNET: Wote?

MWENYE BODA: Wote watatu. Mzee amekataa kumpa pasta mkono. Lakini msichana amepita mbele, wakamfuata.

LYNNET: Haya, asante, asante sana. Wacha nikimbie—