Seva Iliyovuma Wakati wa Swala

Wenzangu wa kikoba, niacheni niongee nimesimama, nikikaa nitalia.

Mnajua kazi yangu ni kutunza mfumo wa oda wa maduka ya jumla pale Kariakoo. Winga, yule dalali wa mtaani, akishampata mteja anabonyeza simu, stoo ya Mchafukoge inatoa mzigo. Basi mwaka jana mfumo ukaanza kuganda kila asubuhi. Mteja anasubiri, anachoka, anahamia duka la jirani. Maneno yakaanza: "Yule dada kahongwa. Anapitisha oda za watu wake, wengine anawabana." Mwenye duka mmoja, mtu mzima kabisa, akaacha kuitikia shikamoo yangu. Ndugu zangu, iliniuma!

Na mimi nikaanza kushuku watu. Mwenzangu wa ofisini alikuwa na neno la siri la seva, nikalibadilisha bila kumwambia. Mfumo ukaganda vilevile. Nikaongeza wafanyakazi, yaani vile vijisehemu vya programu vinavyopokea oda. Ukazidi kuwa mzito. Nikaambiwa mwezi ukiisha, niondoke.

Ijumaa moja maduka yamefungwa kwa swala, hakuna oda hata moja. Niko peke yangu na ile seva. Feni yake inavuma kama siku ya kuamkia Idi! Nani anaitumia? Nikasema leo nimemkamata mwizi. Nikachomoa waya wa mtandao. Ikaendelea kuvuma.

Nawaambia, nilikaa chini sakafuni. Nikafungua orodha ya kazi za seva: hakukuwa na mtu. Ni wale wafanyakazi wa programu, kila mmoja anauliza, "Kuna oda? Kuna oda?" bila kupumzika. Wanagombania mashine mpaka mwenye oda mkononi hapati zamu. Na mimi nilikuwa nawaongeza! Nikaandika upya: kila mmoja alale, oda ikija ndiyo aamshwe.

Ijumaa iliyofuata nikamwita yule mzee mwenye duka. Akatega sikio. "Umeizima," akasema.

"Baba, tuma oda."

Akabonyeza. Stoo ikajibu kabla hajaishusha simu. Akachungulia nyuma ya seva, akaondoka.

Asanteni nyinyi mlioyakataa yale maneno, mkaendelea kunitengea kiti hapa. Mwenzangu wa ofisini nimeshamwomba radhi. Ninachowaomba: kabla hujamtaja mtu, chomoa waya kwanza.

Na yule mzee? Jana kaingia ofisini, kasikiliza feni weee. Nikasema shikamoo, bila kutegemea kitu.

"Marahaba, mwanangu."