Ghorofa Tuliyoiita Dari

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji,

Karibu, na usiwe na haraka. Anayekusomea ni fundi cherehani wa nyumba ya kona. Sauti ikimtetemeka, mvumilie, ana sababu.

Historia

Mtaa ulipimwa viwanja kumi na viwili, na sheria ikasema ghorofa marufuku. Tukatii. Lakini ardhi haizai, sisi tunazaa. Watoto wakaoa, wazee wakahamia kwetu, tukaanza kujenga juu. Kwa kuiheshimu sheria hatukusema ghorofa. Tulisema dari.

Mafanikio

Leo fundi anashona chini, na juu analala mama mkwe wake, anayemsaidia kutia vifungo na kumkosoa bila kuombwa.

Changamoto

Mwezi uliopita afisa wa jiji alikuja kuuliza nani anaishi ghorofani. Tukamjibu kwa moyo mweupe kwamba hapa hakuna ghorofa. Akamgeukia mama mkwe.

“Mama, wewe unalala wapi?”

“Darini, mwanangu.”

Maskini afisa, akaandika kwamba mtaa huu unaficha wazee juu ya dari. Kesho yake wakaja watu wa ustawi wa jamii kumwokoa. Wakamkuta amekaa kitandani, dirisha wazi, anawauliza watakunywa chai au maji. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ila walishuka kwa ngazi, na ngazi haifichiki: wakaripoti ghorofa. Jioni ukuta wa fundi ukapakwa X nyekundu, na Ijumaa hii panavunjwa. Mama huyu hana pengine pa kulala. Fundi hali akashiba, na sisi hatucheki tena.

Maombi

Mficha uchi hazai, basi leo tunaitaja kwa jina lake: ni ghorofa. Tunaomba ramani ibadilishwe, mtaa uruhusiwe ghorofa moja, na ile X ifutwe kabla ya Ijumaa. Wapo wanaosema tutabanana. Tumeshabanana, Mheshimiwa, tunaomba tubanane kihalali.

Jambo la mwisho halikuwamo kwenye ratiba. Wasaidizi wako walizunguka mtaa mzima wakikutafutia kivuli, wakakiweka kiti chako hapo. Kivuli hicho ni cha ghorofa yenye X. Na aliye dirishani juu yako ndiye mama mkwe. Anauliza, utakunywa chai au maji?

Mungu akujalie nyumba pana na majirani wa karibu.

Ni sisi,
Wakazi wa Viwanja Kumi na Viwili, wa chini na wa juu.